Walimnyima Sindano ya Usingizi

Mama mwenye uvimbe shingoni ameshushwa kutoka kitanda cha upasuaji leo kwa sababu ya presha. Ndani ya basi la kurudi nyumbani alimgeukia muuguzi mstaafu aliyeketi naye. "Sindano ya usingizi inashusha presha, na yangu iko juu. Si wangenidunga tu?"

"Mama, mishipa yako imezoea kubana. Sindano ikiilegeza ghafla, damu haifiki kichwani, unalala moja kwa moja. Vidonge ulimeza?"

"Vilinichosha, nikaacha."

"Basi jilaumu mwenyewe."

"Sijilaumu ng'o! Kesho narudi. Wakitaka, wanipasue nikiwa macho!"

Basi zima tulijifanya tunatazama nje. Kituoni akateremka na uvimbe uleule, njaa ya tangu jana, na miezi mitatu ya kusubiri upya zamu ya upasuaji.