Nafasi ya Mume Wangu Katika Maporomoko

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Ninyi wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Bon, sasa niseme.

Munanijua, mimi Mama Charlotine, muuza samaki wa moshi. Mume wangu, Papa Lisungi, ni mwana wa Wagenia, na kule kila familia iko na nafasi yake ndani ya maporomoko, pale inapofunga mitego. Inatoka kwa babu kwenda kwa mujukuu. Haiuzwi!

Alors, kripto ikaingia nyumbani mwangu. Kwanza ilikuwa hadithi ya wanafunzi: pesa isiyo na benki, kila mutu anaona hesabu, hakuna mukubwa wa kuifuta. Kisha ikaingia ndani ya telefone: unagonga kioo kwa kidole kutwa nzima, unangoja sarafu yako ifike kwenye soko la dunia. Telefone ya mume wangu ilikuwa nzee. Akamuachia mudogo wake Aluta nafasi ya maporomoko, akachukua telefone kubwa ya Aluta. Ndugu zangu! Mto wa babu kwa telefone!

Sarafu ilipofika sokoni, haikununua hata chumvi. Haya ikamushika. Hakuweza kumutazama mudogo wake machoni. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Bafwasende kutafuta zahabu, telefone akaniachia mimi.

Na mimi nikawa mbaya kuliko yeye! Nilimutamani mume wangu, jamani. Nilitamani hata kukoroma kwake. Nikajiambia, sarafu ikipanda atarudi. Nikaamka na bei, nikala na bei, samaki wanaungua. Nilifunga na kuomba Mungu aipandishe. Sarafu! Wapi!

Siku moja Aluta akaja sokoni na kikapu cha samaki.

"Yaya, shemeji yangu, hii iko fungu ya grand, kaka yangu. Telefone nilimupa bure. Nafasi iko yake, mimi naishikilia tu."

Kumbe nafasi ile hakuwahi kuichukua! Alikuwa anangoja tu kaka yake arudi aseme neno moja. Wanaume na haya zao! Nililia mbele ya wateja bila aibu. Na palepale, ndugu zangu, kile kitu cha bei kikaniachia. Telefone nikamurudishia Aluta, nikarudi kwenye samaki wangu.

Sisemi teknolojia ile ni ya shetani, hapana. Pengine watoto wetu watauza samaki nayo mpaka Ulaya. Lakini mimi niliigeuza mungu wangu, na Bwana akaniopoa. Ninamushukuru! Na wewe unayekesha na bei mukononi, muachie Bwana huyo mutu unayemungoja. Yeye anajua njia ya Bafwasende.

Ila bado namungoja, sitawadanganya. Ninyi munaoendesha moto njia ile, mukimuona mutu murefu anayecheka kabla ya kusema, mumuambie hakuna mutu aliyechukua nafasi yake mtoni. Wala kitandani. Ee pasteri, nimesema! Mumuambie hivyohivyo. Amina.