Hodi ya Chooni kwa Agustino

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe, hapa Maretadu barabarani, na kahawa ni yangu mimi Genoveva. Nasema mapema, maana kuna wanaume wanakaa hapa tangu ukungu wa asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, halafu wanaliita benchi lao. Wa kudumu ni watatu. Qamara tunamwita Injinia, kwa sababu mradi wa maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe toka kilimani, ulipopita hapa yeye alichimba mtaro, na tangu siku hiyo bomba halipasuki bila yeye kutoa maelezo. Herman ni Bando: kila jibu analo kwenye simu, ila bando limeisha. Tadei ni Wahenga. Ana methali nyingi kuliko mahindi ya ghalani kwake, na sijawahi kumsikia akiiweka hata moja mahali pake. Ng'ambo ya barabara ndiyo nyumba mpya ya Agustino, yenye choo cha ndani, cha kukaa, cha kuvuta maji, cha kwanza mtaa huu. Asubuhi hiyo Agustino alivuka barabara akiwa na koti la harusi mwilini na uso wa msiba.

— Genoveva, nipe kahawa. Chungu.

— Kahawa yote ni chungu, Baba Doris. Kuna nini tena?

— Imegonga. Sasa hivi. Na wakwe wanafika mchana.

Benchi zima likaguna. Hakuna asiyejua habari ya ile hodi. Jumapili iliyopita ndugu wa kijana Vicent walitoka Nangwa kuja kumposa Doris, binti wa Agustino. Mzee wao Margwe akasimama, akakohoa, akasema, "Tumekuja kuomba," na hapo hapo pakagongwa: go! go! go! Sasa kwetu hodi haiachwi bila kuitikiwa, hata aliyebisha awe mdai. Agustino akainuka, akafungua mlango, akakuta kuku. Akarudi akasema, "Hakuna mtu." Margwe akaanza upya. Go! go! go! Akainuka tena, akarudi tena, hakuna mtu. Ilipogonga mara ya tatu akaenda akarudi vile vile, wageni wakatazamana. Mwanaume anayekwenda mlangoni mara tatu na kila akirudi anasema hakuna mtu, huyo ana mtu. Wakaamini kuna wachumba wengine wamepangwa nje wanasubiri zamu. Waliacha chai vikombeni wakaondoka. Baadaye ndipo Agustino alipogundua kwamba hodi inatoka ukutani kwa choo. Imebidi wabembelezwe kwa simu juma zima ndipo wakubali kurudi, mara hii tu, basi. Na Doris tangu alfajiri anamenya viazi huku analia.

— Ikigonga leo, Agustino akasema, mwanangu ameachwa kabla hajaolewa.

Injinia akaweka kikombe chini. Nikajua tumekwisha.

— Hiyo ni hewa. Imeingia bombani kule kwenye chanzo, haijui pa kutokea. Inabisha hodi.

— Hewa gani yenye adabu hivyo? nikamuuliza.

— Wahenga walisema, akadakia Tadei, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini hapa?

— Choo ni cha kukaa, Genoveva. Hakuna kuinama. Kosa lilianzia hapo.

Bando akainua simu yake juu kama anayetafuta mtandao.

— Tulieni. Mimi niliitafuta juzi kabla bando halijakata. Inaitwa nyundo ya maji.

— Si nilisema! akaruka Injinia, ambaye hakusema. Yule fundi aliyefunga mabomba, hakuondoka hapa analalamika nyundo yake imepotea?

— Aisee, kweli, Agustino akasema. Alinisachi mpaka kwenye debe la unga.

— Basi imo ndani ya bomba. Maji yakija yanaikokota, yanaipiga ukutani.

— Bomba la nusu inchi, Qamara! Agustino akasema. Nyundo imepitaje?

— Kwa presha! Wewe unajua presha ya maji haya? Chanzo kiko kule juu kilimani, wewe umejenga huku bondeni. Maji yanashuka mbio kama ndama aliyeachiwa kwa mama yake. Halafu afike, afungiwe mlango ghafla, pap! Hata wewe ungegonga ukuta.

Hapo, kama angetokea mtu wa kumziba mdomo, tungekuwa tumepona. Lakini Injinia akibahatisha ukweli hakai nao, anaupita.

— Na kwa nini yana haraka? akaendelea. Nangwa iko chini kuliko sisi. Maji yanapenda kwenda chini. Kwa hiyo yanagonga yatolewe yaende Nangwa. Maji yenyewe yameshakubali posa, Agustino, wewe tu unachelewesha.

— Mimi nimechelewesha nini, jamani?

— Nangwa si jambo, Tadei akasema kwa sauti ya mazishini. Mimi nawaza mzee wako.

— Baba ni marehemu.

— Ndiyo. Alikufa hajawahi kukalia kitu kama kile. Maisha yake yote alikwenda mbali, nyuma ya zizi, kwa heshima. Leo mwanawe kakiweka chini ya paa moja na chungu cha mboga. Anagonga anauliza, "Kweli, mwanangu? Humu humu ndani?" Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Baba yangu alikuwa Mkristo!

— Mkristo hana pua?

Agustino akasimama, nami nikamkalisha kwa kikombe kingine. Alikipokea kwa pupa, maskini, na kahawa ikamwagikia koti la harusi. Nikamfuta kwa kitambaa changu cha meza. Nyie mnacheka, ila yule baba anampenda Doris, na Doris anampenda Vicent. Mnadhani mtu anajenga choo cha namna ile kwa ajili yake mwenyewe?

— Mimi naona kimechoka, Bando akasema. Vitu vya siku hizi vina akili. Kimenunuliwa, kimefungwa, hakijakaliwa hata siku moja. Kinaita watu.

— Hakijakaliwa kwa sababu mama Doris kakipiga kufuli, Agustino akasema. Ufunguo anatembea nao shingoni, pamoja na rozari. Ni cha wakwe. Sisi bado tunakwenda kule kule nyuma ya zizi.

— Na wakwe walipokuja?

— Hawakuomba. Naye akaona haya kuwaonyesha.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekaa pembeni aliposogeza kikombe chake. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki muda mrefu, wakati wa habari za nyundo. Mtu mzima, sweta zito, mkoba magotini. Wanaume walimwamkia "Shikamoo mama" bila hata kugeuza shingo, akaitikia marahaba, akakaa akinywa kahawa yangu kimya kimya. Nilimpenda, maana alilipa kabla ya kunywa.

— Samahani, wanangu, akasema. Hicho choo kina kufuli?

— Kina kufuli, mama.

— Na hakuna anayekitumia.

— Hata kuku.

— Sasa kama hakuna anayevuta maji, tangi lake linajaza maji ya nini?

Injinia akajisukumia kikombe mdomoni, kitupu. Bando akatazama simu yake iliyokuwa giza. Tadei akasema, "Wahenga walisema," halafu wahenga wakamkimbia.

— Mimi nina vyumba vya wageni kule Katesh, mama akaendelea, kilio hicho nakijua. Pale chini ndani ya tangi kuna raba ya kuziba tundu. Isipokaa vizuri, maji yanachuruzika chooni kidogo kidogo, mchana na usiku, husikii.

— Haba na haba! akapiga kelele Tadei. Si niliwaambia!

— Tangi likipungua, valvu inafungua maji lijae. Likijaa, inafunga ghafla. Maji yako yanakuja na mbio za kilimani, yakizuiwa yanarudi na kishindo, bomba linaruka linagonga ukuta. Fungueni tangi, safisheni raba. Halafu ile koki ya chini ipunguzwe, maji yaingie kwa upole. Na bomba lifungwe lisicheze.

Agustino alimtazama kama aliyeshushwa na malaika.

— Mama, wewe ni nani?

— Mectilda. Shangazi yake Vicent.

Kikombe cha Agustino kikaanguka. Nimekata tamaa na vikombe vyangu.

— Kaka yangu Margwe anaapa hapa kuna mchumba mwingine, Mectilda akasema. Nikamwambia, acha nitangulie nikakae wanapokunywa kahawa. Kama mchumba yupo, atasemwa. Nimekaa. Nimesikia nyundo, nimesikia marehemu, nimesikia maji yanayotaka kuolewa Nangwa. Mchumba sijamsikia.

— Hayupo, shangazi! Haki ya Mungu hayupo!

— Mimi nimeamini. Margwe ni mgumu. Ikigonga mbele yake leo, anaondoka, hata mimi nikishika koti lake. Kwa hiyo inukeni. Na mnionyeshe choo, nimetoka Nangwa na baridi yote ile.

Wakavuka barabara wote, Injinia mbele amekunja mikono ya shati. Mimi nikabaki na jiko langu, ila kile kidirisha cha choo kinatazama benchi, kwa hiyo sikukosa kitu. Nikamsikia Paskalina, mama Doris, akigombana nao mlangoni: ufunguo hautoki mpaka wavue viatu. Wakavua. Shangazi akaambiwa choo cha wageni kiko kwa mafundi, avumilie tu kile cha nyuma ya zizi, na Paskalina mwenyewe akampeleka huku anaomba radhi njia nzima. Choo cha wakwe kimekamilika, mkwe wa kwanza anapelekwa zizini! Mimi hapo tayari nilikuwa nimeshika mbavu.

— Mchanga! Sauti ya Injinia dirishani. Raba imejaa mchanga, huu hapa!

— Futa, akasema Bando.

— Nimefuta. Agustino, punguza koki. Pole pole. Haya, acha lijae tusikie.

Wakatega masikio. Nami huku nikaacha hata kuchochea mkaa. Tukasubiri.

— Limejaa, Bando akasema kwa kunong'ona. Limejaa na halijagonga!

Wakaanza kushangilia mle chooni wanaume wazima wanne, bila viatu. Na mimi, nikigeuza kichwa, jua limeshafika utosini, nawaona watu wa Nangwa wanapanda njia. Mzee Margwe mbele na fimbo yake, wanawake na dumu la asali, Vicent nyuma kabisa anavuta kondoo. Wakafika mlangoni. Margwe akarekebisha kofia, akabisha kwa fimbo.

Go! go! go!

Shangwe ikakatika.

— Bado! akalia Injinia. Punguza tena!

— Nimepunguza!

Margwe akasubiri, kama desturi. Akabisha tena, kwa nguvu zaidi.

— Imezidi! Funga kabisa!

— Nimefunga kabisa! Halitoki hata tone!

Go! go! go!

Kisha nikamsikia Injinia, sauti imekonda.

— Maji hakuna. Na bado inagonga.

— Mimi nilisema ni mzee, akasema Tadei.

— Baba! akapaza sauti Agustino. Baba, nisamehe! Nakivunja leo leo! Ila mwache Doris aolewe, baba, mtoto hana kosa!

Margwe akashusha fimbo. Akawatazama wenzake, akanigeukia mimi ng'ambo ya barabara.

— Mama, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Humo ndani kuna nini?

Nilitaka kujibu, haki ya Mungu nilitaka. Kicheko kilikuwa kimenikaba, machozi yananitoka, nikaweza tu kunyoosha mkono kuonyesha mlango. Kwa sababu mlango ulikuwa unafunguka. Shangazi Mectilda alikuwa amerudi kutoka zizini, akapita jikoni, akasikia hodi inabishwa na hakuna wa kuiitikia, wote wakidhani ni choo.

— Karibuni, akasema. Margwe, acha kugonga nyumba ya watu. Inatosha ilivyogongwa.

— Wewe? Wewe unafungua mlango huu kama nani?

— Kama mwenye nyumba. Wenyewe wako kazini, wanawatengenezea ninyi choo. Ingieni, mchumba hakuna.

Nyuma yake akatokea Agustino, hana viatu, koti la harusi limelowa mpaka kwapani, raba ya choo aliyokwisha kuing'oa mkononi. Akamwona Margwe kizingitini, akaona fimbo, akaona asali, akamwona Vicent na kondoo. Ikamchukua muda. Halafu akageuka akapiga kelele kuelekea jikoni, sauti ikafika mpaka kwangu:

— Mama Doris! Doris! Kuna mtu! Safari hii kuna mtu!