Makofi ya Darasa la Jirani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu mwenyekiti wa bodi ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi wetu wapendwa, na nyinyi wanafunzi wa darasa la saba mliokaa chini kwa sababu viti vimechukuliwa na wakubwa: salamu kwenu nyote.

Nimeombwa nimuage mwalimu wa hesabu wa Saba B, anayekwenda kufundisha kwenye chuo cha ualimu. Nafasi hiyo na mimi niliiomba. Nasema mapema, msije mkanong'ona huko nyuma.

Ndugu zangu, mnajua ilivyo kufundisha ukuta kwa ukuta na mtu wa namna hii? Mimi nafundisha Saba A. Naingia, nasema "Kimya!", na kimya kinakuja, ndiyo maana mnaniita Mzee Kimya, mnadhani sijui? Ukutani upande wa pili vicheko, makofi, meza zinasukumwa. Mwanzoni nilijisemea, huyu dada hafundishi, anacheza ngoma. Matokeo yalipotoka, wachezaji ngoma wake wakawaacha watoto wangu mbali. Roho iliniuma, jamani.

Nikaenda kumchungulia. Kumbe ana mtindo wake. Kila kipindi anaingiza kosa moja ubaoni makusudi, kisha anauliza, "Nimekosa wapi?" Atakayeligundua anakalia kiti cha mwalimu, anapewa chaki nyekundu, anamsahihisha mwalimu mwenyewe mbele ya wote. Ndiyo hayo makofi! Watoto walikuwa wanaifuata hesabu kwa macho kama paka anayevizia, wasipitwe na kosa.

Nikasema, alaa, hilo tu? Kwani mimi nashindwa kukosea? Kesho yake nikaandika ubaoni kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili juu ya tano. Nikasubiri. Watoto wote wakainamisha vichwa, wakanakili, wakapiga na mstari kwa rula. Nikakohoa. Nikauliza, "Mna uhakika?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Ukutani kwa jirani makofi yakalipuka.

Jioni nikamuuliza binti yangu, ambaye yumo humo humo darasani kwangu, "Mama, hukuliona lile kosa?" Akasema, "Nililiona, baba. Lakini nani akuambie wewe?"

Je, wazazi, mnamwonea mtu wivu kwa sababu ya cheo? Kwa sababu ya gari? Mimi nilimwonea dada huyu wivu kwa sababu watoto hawamwogopi. Mpole, mcheshi, anajua kazi, hata chaki yake haivunjiki! Na Jumatatu darasa lake naachiwa mimi. Ninachohofia ndicho mnachohofia nyinyi: kwamba wiki haitaisha kabla sijawanyamazisha na wale pia. Maana hizi Saba zetu mbili zina watoto arobaini na wanane kila moja, yaani jumla watoto tisini na wanne ambao...

Nani huyo? Nani kasema siyo?

Hebu simama. Wewe unayekaa dawati la mwisho darasani kwangu, Saba A? Sauti yako si ndiyo kwanza naisikia mwaka huu? Sema tena, kwa nguvu, mgeni rasmi asikie. Mmemsikia? Tisini na sita.

Arobaini na nane mara mbili... Lo! Ni kweli. Tisini na sita.

Msicheke mkimtazama mwalimu wa Saba B, mkadhani nimefanya mtindo wake. Haki ya Mungu sikukusudia, nimekosea kikwelikweli, mbele ya bodi nzima. Njoo, mwanangu, usiogope. Kiti changu hiki hapa, chenye kitambaa. Kaa. Kaa vizuri, egemea.

Na wewe mwalimu mwenzangu, shusha mikono! Nimekuona. Umepigiwa makofi ukutani kwangu mwaka mzima, nafasi ya chuo umeichukua, maua umepewa, nakutakia safari njema kwa moyo wangu wote. Lakini huyu usimpigie. Huyu ni wa kwangu, nampigia mwenyewe kwanza.

Asanteni nyote mlionisikiliza, na zaidi asante wewe uliyenikatiza.