Mashua Juu ya Meli: Maisha ya Mzee Fanuel Mwandawiro

Mchungaji, jamaa na majirani, mimi ni Austin, mjukuu wa marehemu kwa binti yake Tryphena, na familia imenituma niwasomee maisha ya babu yetu, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi hii imebeba kosa langu.

Mzee Fanuel Mwandawiro alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Mbololo, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, mwaka 1967, akalima na wazazi wake, kisha mwaka 1971 akashuka Mombasa kubeba mizigo bandarini, na tarehe 9 Agosti 1976 akaajiriwa kuwa baharia katika meli ya shehena, kazi aliyoifanya miaka ishirini, akivuka Mfereji wa Suez kwenda na kurudi.

Alipoanza, alitusimulia, meli ilipoingia mferejini wenyeji walikuja na mashua zao za mbao, za makasia, zikavutwa kwa kreni hadi sitahani pamoja na wenyewe, zikasafiri juu ya meli siku nzima, ili meli ikilazimika kusimama njiani washushwe majini wapeleke kamba ukingoni kuifunga meli. Baadaye zikaja mashua za chuma zenye injini, na mwisho meli zenyewe zikawa za kontena, ndefu kutoka kanisa hili hadi barabara kuu.

Tulimcheka. Jirani yetu Mzee Khaemba, mstaafu wa reli, alimwambia, "Fanuel, mashua ipande meli? Basi na treni yangu ilipanda baiskeli!" na babu akamjibu, "Cheka tu, Khaemba, wewe umeona reli peke yake," na tangu siku hiyo kijiji kizima kikamwita Mashua Juu ya Meli.

Alifunga ndoa na nyanya yetu, Wakio, tarehe 15 Desemba 1979, naye akamngoja miezi tisa, miezi kumi, kila safari, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tryphena mwaka 1981 na Titus mwaka 1985.

Nyanya alipofariki mwaka 2022, nilikuwa chuoni, kwa hiyo kuandika historia yake kukawa kazi yangu, na babu aliniomba jambo moja tu, kwamba niandike alikuwa mke wa baharia, lakini wenzangu wa chuo walikuwa wanakuja, nikaona haya wasije wakaisikia hadithi ya mashua wakacheka, nikaandika "mke wa kibarua wa bandarini", nikasimama mahali hapa hapa nikaisoma kwa sauti nzuri, huku yeye ameketi benchi la mbele, kofia mapajani, akitazama sakafu.

Hakuutaja mfereji tena, na wajukuu wadogo walipomwomba hadithi ya mashua alisema, "Muulizeni Austin, ndiye aliyesoma."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Juni mwaka huu, akatutoka tarehe 19, saa tatu asubuhi, kabla sijamwomba msamaha, ingawa nilikaa kando ya kitanda chake siku nne nikizungumza habari za mvua.

Tulipotafuta tarehe za kuandika humu, mama alifungua sanduku la babu, akakuta kitabu chake cha ubaharia kimefungwa katika leso ya nyanya, na ndani yake picha, mashua ya mbao inaning'inia kwenye kreni juu ya sitaha, wanaume wawili wameketi ndani yake, babu yuko chini ameshika kamba, anacheka, na nyuma ameandika kwa kalamu, "Kwa Wakio, usije ukasema nadanganya." Mzee Khaemba aliitazama picha hiyo Jumanne, akaishika muda mrefu, akasema, "Aisee, Fanuel," basi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi matangani, na Mzee Nzomo wa Miasenyi, baharia mwenzake, aliyefika leo kwa mkongojo.

Nami mbele yenu naisahihisha historia ya nyanya yangu niliyoisoma hapa: Wakio alikuwa mke wa baharia.

Pumzika kwa amani, Babu, mashua iko juu ya meli.