Miaka Thelathini na Nne ya Bi Stefania kwa Wakulima wa Miteja

Juni 30 mwaka huu, Bi Stefania Leonard, ofisa ugani wetu wa Miteja, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na nne. Aliripoti Kilwa Masoko mwaka 1992 akiwa na begi moja na cheti cha kilimo, akakabidhiwa baiskeli isiyo na breki. Aliipokea, akashukuru. Baadaye alipewa pikipiki, ingawa wakulima wanakumbuka zaidi siku alizoisukuma kwenye tope kuliko alizoipanda.

Kilichomshinda ni bahari tu. Alipotumwa Songo Songo kugawa miche ya minazi, alitapika tangu chombo kilipong'oa nanga hadi kilipofika. Siku ya kurudi aliuliza, bila utani, kama hakuna njia ya miguu. Kisiwani wanacheka mpaka leo.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa alichokifanya misimu mitatu iliyopita. Salfa ya ruzuku, dawa inayokinga maua ya mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, ilikuwa ikitolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwa alama za vidole. Ilipofika zamu ya Bi Mwahija Fakihi, mjane mwenye mikorosho sitini, mashine ilimkataa. Akajifuta mikono kwenye khanga, akarudia. Mara nane. Miaka ishirini ya kubangua korosho kwa mkono, na yale mafuta yake yanayounguza, ilikuwa imemlamba ngozi ya vidole.

“Vidole vyangu vimeishia kwenye korosho,” alimwambia Bi Stefania. “Leo korosho hizo hizo zinanikana?”

“Mama, shamba lako nimelipima mwenyewe,” alijibu. “Nipe wiki moja.”

Hata wiki ilikuwa nyingi, maana mikorosho ilishaanza kuchanua. Yeye na mtendaji wa kijiji, Bwana Abdulrazak, walipita vitongoji vyote wakawakuta wabanguaji ishirini na saba waliokataliwa, wengi wao wanawake waliorudi nyumbani kimya wakidhani wamefutwa. Wakaandika kila shamba, idadi ya mikorosho na majirani wawili mashahidi. Bi Stefania akaipeleka orodha wilayani, akaambiwa asubiri maelekezo. Akarudi tena, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu nilikuwapo.

“Mkuu,” alimwambia ofisa wa wilaya kwa adabu, “ua halisubiri maelekezo.”

Kisha akakaa kwenye benchi la mlangoni. Saa tisa alasiri orodha ilisainiwa.

Salfa ilifika Miteja siku ya Alhamisi, na wote ishirini na saba waliwahi kupulizia. Bi Stefania, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, aliingia stoo kidogo, akatoka na macho mekundu akisingizia vumbi la dawa. Msimu ule Bi Mwahija alivuna magunia sita, akaezeka nyumba yake kwa bati. Tangu hapo, mkulima wa kata yetu aliyekataliwa na mashine husajiliwa kwa mashahidi.

Sasa Bi Stefania anakwenda kulima ekari tatu za ufuta. Wiki iliyopita alikuja ofisini kwetu kujisajili kama mkulima. Nilimwita apite mbele, akakataa, akapanga foleni nyuma ya watu kumi na wanne, akimuuliza kila mmoja habari za shamba lake.

Dada Stefania, ahsante kwa kila shamba ulilolifikia. Mungu akujalie afya, mvua ya wakati wake, na mapumziko yasiyokatizwa na simu zetu.

Jerome Anthony, kwa niaba ya watumishi wenzako