Tairi Mpya Iko Wapi?

Benchi la Hawo pale Bulla Pesa, mjini Isiolo, halikuwa benchi. Ilikuwa nguzo ya simu iliyogongwa na lori mwaka ule vita vya shifta, waasi wa kaskazini, vilipoanza, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuichukua, Hawo aliweka jiko lake mbele ya nguzo, birika la kahawa juu ya jiko, na wanaume wakajileta wenyewe. Malori yalikuwa hayaendi kaskazini ila kwa msafara wa askari, mnada wa ng'ombe ulikuwa umefungwa, na jioni kafyu ikipigwa kila mtu alitakiwa awe ndani. Mji ukabaki na maneno mengi na kazi kidogo. Siku ile palikuwa na wanywaji watatu na pikipiki moja. Pikipiki ilikuwa ya zahanati, imelazwa ubavu mchangani kama ngamia mgonjwa, gurudumu la nyuma limetolewa. Mwendeshaji wake, Salesio, dresa, yaani mganga msaidizi, kijana kutoka Meru, alikuwa amechuchumaa kando, sanduku la dawa mapajani. Ndani ya sanduku mlikuwa na sindano za penisilini. Mjukuu wa Hawo, Golicha, alikuwa Ngaremara, njia ya kaskazini, kwa mama yake Dahabo, binti wa Hawo, ameshikwa na kichomi, hajala tangu juzi. Salesio alikuwa na ruhusa ya kupita kizuizi cha barabarani, mradi awe amerudi kabla ya kafyu. Na jua lilikuwa limeshapita utosini.

— Mimi nasema hii ni ya kutupa, alisema Kithinji.

Huyu ndiye waliyemwita Spana. Aliwahi kuwa utingo wa lori, na tangu lori lile liache kuja alikuwa fundi wa kila kitu, kwa mdomo.

— Tyubu huyu dresa ataiziba. Kiraka anacho, gundi anayo. Lakini angalia tairi yenyewe. Chupa imeipasua hapa, urefu wa kidole. Akijaza upepo, tyubu itatoa kichwa hapo kama kitovu cha mtoto anayelia sana. Maili mbili tu, pwaa! Anunue mpya, maneno kwisha.

— Ofisi ndiyo inanunua, alisema Salesio taratibu.

— Basi iambie ofisi!

— Wewe Spana, umewahi kuendesha pikipiki? aliuliza Gollo.

— Nimewahi kuibeba. Kwa lori.

Gollo alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe asiye na ng'ombe. Walimwita Redio kwa sababu alikuwa na habari kila saa na huwezi kumzima.

— Tena nani amewaambia ni chupa? Ile barabara kuna watu wanapanda vioo. Wanapanda usiku, kwa mistari, kama mahindi.

— Watu gani? Shifta?

— Mimi sijasema shifta. Wewe umesema. Mimi nimesema watu.

Hawo alipepea makaa. Tangu Salesio akokote pikipiki mpaka pale, alikuwa amemimina vikombe hakuna hesabu, na gurudumu lilikuwa bado chini. Alijiambia wanaume wakiwa na kahawa mkononi akili hufika baadaye kidogo, awape nafasi. Alishawapa nafasi ya kutosha.

— Salesio, mwanangu, ziba uende.

— Nataka kuziba, mama. Lakini Spana anasema tairi ikipasukia njiani itaharibu rimu. Rimu ikiharibika, ofisi itanifukuza.

— Na atakuwa porini peke yake, aliongeza Spana. Mimi namwonea huruma. Halafu niwaambie siri. Tairi za siku hizi zimepimwa. Mzungu alipoondoka aliacha tairi zenye siku zake. Uhuru ukishaingia, zinaanza kupasuka moja moja.

— Ya baiskeli yangu ilipasuka kabla ya Uhuru, alisema Redio.

— Hiyo walikuwa wanajaribu.

Wa tatu alikuwa Lokaale, mshona viatu vya mpira wa tairi, na jina lake benchini lilikuwa Akala, kama viatu vyenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila siku hiyo yalimtoka.

— Mimi pia nasema mpya. Tairi yenye kiraka inaacha alama mchangani. Wale askari wanasoma nyayo. Wakiona tap, tap, tap, mpaka Ngaremara, watasema kuna shifta wa mguu mmoja.

— Shifta wa mguu mmoja anakimbia kama pikipiki?

— Ndiyo maana hawamshiki!

Redio alipiga paja. Spana alisema hilo ni jambo la kufikiriwa. Salesio aliangalia jua, akaangalia sanduku.

Hapo ndipo Hawo alipouona mkono wa Akala. Huku akizungumza, mkono ulikuwa ukitembea juu ya tairi, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, kisha tena, na midomo yake ikihesabu kimya kimya. Hawo akageuza macho kwa Redio. Redio alikuwa ameikunja tyubu mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto.

— Lokaale, unapima nini?

— Mimi? Napima... ubovu.

— Ubovu una shubiri?

Akala aliondoa mkono. Spana akakohoa.

— Sasa, mama Dahabo, tairi ikishatupwa, itupwe bure? Akala hajapata mpira wa viatu tangu malori yapungue. Redio anataka ile tyubu, ashone ndoo ya kisima. Mimi sitaki kitu kikubwa. Ule waya wa ukingoni tu.

Hawo aliweka kipepeo chini. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na sauti yake haikupanda sana, lakini mbwa aliyelala karibu na jiko aliamka akaondoka.

— Kumbe nyinyi si mafundi. Ni warithi! Tangu asubuhi mnaniambia tairi imekufa, imekufa, kumbe mmeshagawana. Mjukuu wangu anatafuta pumzi na nyinyi mnatafuta viatu. Barabara wameifunga, mnyamaze. Mnada wameufunga, mnyamaze. Mtu akifukuziwa ndani kwa filimbi kila jioni, mnyamaze. Mdomo wenu mmeuweka akiba, mje mummalizie dresa wa watu hapa kwangu, na kahawa yangu mkononi!

— Mama Dahabo, sisi tulikuwa tunashauri...

— Nyamaza, Spana.

Wakati huo Akiru alitokea kwenye kona, gunia la makaa mgongoni. Alikuwa Mturkana wa Ngaremara, amemzoea Hawo miaka mingi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

— Ejok, Hawo.

— Ejok, Akiru. Umempitia Dahabo?

— Nimempitia. Anakuambia bado. Mtoto anapumua kama mtu anayekimbia.

Alishusha gunia, akanyoosha mgongo, akaiona pikipiki, akawaona wanaume.

— Huyu ndiye mtu wa sindano? Mbona bado yuko hapa?

— Tairi imepasuka, alisema Hawo. Hawa wanasema inunuliwe mpya.

— Ni sawa, alisema Akiru. Mpya iko wapi?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa dukani. Spana alimwangalia Redio. Redio alimwangalia Akala. Akala aliiangalia tairi. Kule Nanyuki pengine ilikuwepo. Kule Meru ofisi pengine ingeandika barua. Lakini pale Isiolo, tangu vita vianze, hakuna aliyeiona tairi mpya ya pikipiki hata kwa macho, na wote watatu walilijua hilo kabla ya kikombe cha kwanza.



— Haya, alisema Hawo. Suruali ya mtoto ikipasuka goti, kiraka mimi naweka kwa ndani. Salesio, ukiweka kipande cha mpira ndani ya tairi, hapa kwenye mpasuko, tyubu itatoa kichwa?

Salesio alifikiri.

— Haitatoa, mama. Nimeona madereva wakifanya hivyo. Lakini uwe mpira wa tairi, na uwe mwembamba. Nimeutafuta sokoni sikuupata.

— Mimi sina, alisema Akala haraka. Sina hata wa kuziba tundu la panya.

Macho ya Hawo yalishuka chini kwenye mchanga, yakatembea polepole kwenye miguu iliyopangwa mbele ya nguzo. Akala alikuwa peku, mtengeneza viatu asiye na viatu. Redio alikuwa na viatu vya ngozi. Spana alivuta miguu yake nyuma.

— Spana. Vua.

— Nini?

— Kiatu. Cha kulia, ndicho kilicholika.

— Mama Dahabo, mimi ni mtu mzima. Nitatembeaje?

— Huendi popote. Mwaka wa pili sasa umekaa hapo.

Redio ndiye aliyecheka kwanza. Spana alivua. Akala alikipokea kiatu, akakikunja, akakinusa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana kuwa fundi.

— Hiki nilikikata mimi. Tairi ya lori la mawe. Sasa kisigino kimebaki kama chapati. Kinafaa sana.

Alitoa kisu, akakata kisigino, akakiparura kingo zote ziwe laini zisije zikaila tyubu. Redio aliirudisha tyubu, shingo upande. Salesio alibandika kiraka, akalaza kile kipande ndani, akarudisha tairi, na wote wakapokezana pampu. Spana alisukuma zaidi ya wengine, kwa hasira. Tyubu haikutoa kichwa.

Pikipiki ilipoondoka, Hawo alisimama akiwa ameshika kiuno, akasikiliza. Mlio ulifika kwenye kizuizi, ukazima. Kisha ukawaka tena, ukaenda kaskazini.

— Sasa tunywe, alisema Spana akinyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa linatoa mvuke. Spana akarudisha kikombe chini.

Waliikalia ile nguzo bila kahawa alasiri nzima, hawataki kuondoka. Jua likiwa limelala juu ya mabati, askari wawili wa doria wakapita na bunduki. Mmoja akasimama mbele ya Spana.

— Wewe, kiatu kingine kiko wapi?

— Kimeenda Ngaremara, afande.

— Kina ruhusa?

— Hakina, afande. Kimejificha ndani.

Askari alimtazama, akatikisa kichwa, akawaambia wamebakiwa na dakika chache tu. Walikuwa hawajafika mwisho wa uchochoro mlio uliposikika, wa mbali kwanza, kisha wa karibu, na Salesio akaingia konani mweupe kwa vumbi.

— Nimemdunga, mama. Amelia mpaka majirani wamekuja.

— Amelia kwa nguvu?

— Kwa nguvu. Halafu ameomba maziwa.

Hawo alikaa chini kwenye nguzo yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Spana alisubiri kwa adabu, kisha akainama kando ya gurudumu la nyuma, akalibonyeza kwa kidole.

— Basi nitolee kisigino changu, niende nyumbani kama watu.

— Bado, alisema Salesio. Kesho narudi Ngaremara. Na kesho kutwa. Sindano ni za siku tano.

Filimbi ya kafyu ilipigwa. Spana akaondoka, mguu mmoja na kiatu, mwingine akiuweka chini kwa tahadhari kama mtu anayekanyaga makaa, akilalamika njia nzima. Hawo alimsikiliza mpaka akapotea, kisha akamimina ile kahawa iliyobaki katika kikombe kimoja, akampa Salesio.