Kibuyu cha Waya Nyekundu

Lori la viazi lilikuwa linarudi Kuresoi tupu, na sisi abiria watatu tulikalia magunia matupu huko nyuma, kwenye ukungu. Mimi nilikuwa nimealikwa na Winrose nikaone viazi vyake vya mbegu. Yeye alikuwa anamtolea ushuhuda mzee Kimeli, ambaye walijuana naye tu tulipopanda lori Molo.

"Tangu ng'ombe wangu afe, mzee, kila asubuhi napata kibuyu cha maziwa ya mursik mlangoni. Tukimaliza, naosha, naweka nje, kinarudi kimejaa. Mungu hachelewi."

"Na hujawahi kuchungulia uone nani analeta?"

"Nikimwona, nitaanza kutegemea mtu."

Nilitaka kucheka, lakini mzee hakucheka. Aliuliza hicho kibuyu kikoje. Winrose akasema kina ufa shingoni, umeshonwa na waya nyekundu.

"Hiyo waya nilishona mimi," Kimeli alisema polepole. "Kilikuwa cha marehemu mke wangu. Kilivunjika siku tulimzika, na vipande nikachoma mwenyewe."

"Basi Mungu amemtuma."

"Mungu hatumi wafu, mama."

"Mungu hutuma anayemtaka. Na watoto wangu wamenona, mzee."

Lori likasimama kwa Winrose. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia kwa geti, waya yake nyekundu ikionekana wazi. Kimeli akavua kofia.

"Leo ameleta mara ya pili," Winrose akasema, akishuka kwa furaha. "Amejua niko na mgeni."

Mgeni ni mimi. Nilimwambia dereva aendelee.